Anti, meno yangu ni ya kahawia toka utotoni, niende saluni wakaning'arishie?

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 25, nimezaliwa na kukulia Ngarenanyuki kule Arumeru, sa hivi niko Dar nauza simu kwenye duka moja Kariakoo. Anti nina jambo linaninyima raha na nimeshindwa kumwambia mtu hata rafiki zangu.

Meno yangu ni ya kahawia, toka nimeota meno ya ukubwani yako hivyo hivyo. Kwetu haikuwa ishu kabisa, darasa zima tulikuwa hivyo na walimu wengine pia, hakuna wa kumcheka mwenzake. Nilipofika Dar ndo nikaanza kuona watu wananiangalia mdomoni badala ya usoni. Kuna mteja alimwambia mwenzie nikiwa nasikia kabisa, huyu dada mzuri ila mswaki hapigi. Anti mi napiga mswaki asubuhi na usiku sijawahi kuacha, tena nasugua mpaka fizi zinatoa damu. Siku hizi nikicheka naweka mkono mdomoni, na picha za kazini zote nimefunga mdomo hadi bosi ameniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Nimejaribu unga wa mkaa ule mweusi wanaouza mtandaoni, nikajaribu na limao na magadi soda maana niliona klipu dada mmoja anapaka na meno yanang'aa hapohapo. Kahawia haijatoka hata kidogo ila sasa nikinywa maji ya baridi naumia balaa, hata upepo ukipita mdomoni nasikia.

Sasa kuna saluni inafanya kucha na kope, wameleta mashine yenye taa ya bluu, wanasema unakaa saa moja unatoka meno meupe pee, ofa ni laki na themanini. Nikamuuliza yule dada kama na ya maji ya Arusha yanatoka akasema yote yanatoka. Mwenzangu wa dukani alifanya hapo na kweli yake yalikuwa meupe, ila yeye ni wa Tanga na yake yalikuwa ya njano njano tu. Kuna mwingine tena akaniambia niachane na hayo yote nikachonge meno nivalishwe kava kama wasanii, yani nimechanganyikiwa.

Anti nilipe hiyo ofa? Ina madhara? Na kama haitoi mimi nifanyeje, au ndo nimeumbwa hivi nikubali? Nina mtoto wa kiume ana mwaka na miezi minane, anaishi na mama yangu kulekule nyumbani, meno yake ni meupe mazuri, mama anasema amechukua ya baba yake. Sitaki akue aje anionee aibu.

Wako, Binti wa Meru.

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na hela yako kwanza, usilipe hiyo laki na themanini, na kama ulishatoa kianzio kaombe wakurudishie. Alafu ukae hapa tuongee taratibu maana barua yako ina mambo mawili, moja umeniuliza, lingine hukuniuliza ila ndo limenifanya nikujibu haraka, nitalifikia.

Meno yako sio machafu. Naomba ulisome hilo tena. Hilo doa sio uchafu, ndio maana mswaki hautoi, mkaa hautoi, limao halitoi, na ungeweza kusugua hadi mwakani lisitoke. Mlima Meru ni volkano, na mawe ya volkano yana madini yanaitwa floraidi, maji yanapopita humo kabla ya kufika kisimani au mtoni yanabeba hayo madini. Floraidi kidogo inasaidia meno yasitoboke, ndo maana wanaiweka kwenye dawa za meno, ila ikizidi wakati jino la mtoto bado linajengeka ndani ya fizi, ile ngozi ngumu ya nje ya jino inayoitwa enameli haikamiliki. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu moja na nusu kwa lita, sasa kule kwenu kuna vijito na chemchemi zinazopita miligramu 10. Tanzania yenyewe kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa sababu maji ya chini ya hapo sehemu nyingi hayakuwepo, ni juzijuzi tu ndo kiwango kimeshushwa kikawa sawa na cha dunia. Kwahiyo wewe na darasa zima mlikuwa mnakunywa kitu ambacho hakuna mtoto aliyekichagua.

Na sio Wameru peke yao, achana na wanaosema ni kabila. Kilimanjaro yapo, Manyara yapo, Singida na Shinyanga yapo, ukivuka Kenya watu wa Nakuru na Naivasha wanalijua hili vizuri, ukipanda mpaka Ethiopia kwenye lile bonde la ufa ni hivyo hivyo. Mmeru aliyezaliwa na kukulia Dar ana meno kama ya watu wa Dar, na Msukuma akilelewa Ngarenanyuki toka mchanga atakuwa na meno kama yako. Siku mteja mwingine akikutolea maneno mjibu tu kwamba ni maji ya kwetu, tena mjibu ukimwangalia, huna kosa ulilofanya.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba jino la namna hii likitoka kwenye fizi huwa sio kahawia, linatoka jeupe la chokaa chokaa, lisilo na mng'ao. Enameli yake ina vitundu vidogo sana, iko kama chungu ambacho hakijaiva vizuri, ikikutana na chai na vyakula miaka na miaka inanyonya rangi mpaka inageuka kahawia. Hii ndo sababu kuna matumaini kwako, maana kahawia nyingi inakaa kwenye tabaka la nje la jino, haijaenda ndani sana. Ila pia ndo sababu dawa ya mwenzio wa Tanga sio dawa yako.

Tuje kwenye hiyo mashine. Kung'arisha meno popote pale, iwe hospitali kubwa au wapi, kinachofanya kazi kwa kawaida ni dawa inaitwa peroksaidi, iwe hydrogen peroksaidi yenyewe au kabamaidi peroksaidi ambayo ikifika mdomoni inabadilika inatoa hiyo hiyo. Inapenya kwenye enameli hadi ndani na kuvunjavunja chembechembe za rangi. Meno ya njano ya chai, kahawa, sigara au umri yanaitikia vizuri sana, ndo yale ya mwenzako. Doa la floraidi linaitikia kidogo kidogo, na lina vituko, kwa mfano kama una mabaka meupe ya chokaa katikati ya kahawia, dawa inaweza kuyafanya yazidi kuwa meupe kwa siku za mwanzo ukajiona una madoadoa kuliko ulivyoenda. Mtu mwenye uzoefu anajua hilo na anakwambia kabla. Huyo dada alivyokujibu "yote yanatoka" bila hata kukufungua mdomo aangalie, hapo tu alishanimaliza.

Ile taa ya bluu sasa. Inavutia kwa macho ila utafiti kuhusu hizo taa umeshafanyika sana na matokeo yake hayaonyeshi faida ya kudumu, dawa ndo inafanya kazi, taa inaongeza joto na jino linauma zaidi. Alafu kuna hii kitu naomba kila msomaji wangu aijue: mdomo ukikaa wazi saa nzima meno yanakauka, na jino kavu linaonekana jeupe kuliko lilivyo. Wanakupiga picha hapohapo, inaenda Instagram, kesho yake au keshokutwa meno yakishalowana mate rangi inarudi nyuma. Sio kwamba wote wanadanganya makusudi, wengine hawajui kabisa, ila hela yako ndo imeshaenda.

Madhara umeuliza. Dawa za nguvu, zile za asilimia 25 mpaka 40, zikigusa fizi zinaunguza, fizi inageuka nyeupe na kuuma, ndo maana daktari anafunika fizi zote kwanza kabla hajapaka. Jino lenye tundu dawa inaingia mpaka kwenye mshipa, utalia usiku kucha. Na meno kufa ganzi ni kawaida hata kwa waliofanyiwa vizuri, huwa inaisha yenyewe baada ya siku chache, lakini wewe hapo ulipo tayari upepo tu unakuumiza, ukiongeza dawa kali juu yake unatafuta makubwa. Ulaya toka 2012 dawa yenye peroksaidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 haiuzwi hovyo dukani, lazima uanzie kwa daktari wa meno, na aliye chini ya miaka 18 hapewi. Uingereza watu wa saluni wameshafikishwa mahakamani kwa kung'arisha watu meno. Wenzetu wameliona ni tiba, sio kucha na kope.

Na mkaa na limao naomba uache leo hii. Limao ni asidi, inalainisha enameli, alafu juu yake unasugua unga unaokwangua, yani unaliondoa jino lenyewe, na enameli haina kuota tena kama kucha. Ule mng'ao wa kwenye klipu ni jino limekwanguliwa. Tumia mswaki laini, usisugue kwa hasira, nunua dawa ya meno ya wenye ganzi, ziko nyingi maduka ya dawa, muulize muuzaji yenye potasiamu naitreti. Ukipiga mswaki tema povu tu usisukutue na maji mengi. Na usiogope dawa ya meno yenye floraidi, najua watu wa huko mkishaelezwa habari ya floraidi mnaikimbia kabisa, ila meno yako yalishamaliza kujengeka, haiwezi kuongeza doa hata moja kwako na ndo itakayosaidia kutuliza hilo ganzi. Ile damu ya fizi nayo sio ya kuizoea, ni mswaki mgumu au ugaga umejificha chini ya fizi.

Sasa uende wapi. Nenda kwa daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, hapo Dar wapo, Muhimbili kuna shule nzima ya meno, hospitali za rufaa zina kliniki, na ukirudi kaskazini KCMC Moshi wanayaona meno kama yako mara kwa mara. Usiingie ukisema nataka meno meupe, ingia ukisema nimekulia Ngarenanyuki, naomba uniangalie doa la maji limefika kiwango gani. Swali hilo linabadilisha mazungumzo yote.

Akiangalia, kwanza atasafisha ugaga na kuziba kama kuna tundu. Baada ya hapo inategemea. Kama enameli yako iko nzima haina mashimo, kuna kitu kinaitwa maikroabrasheni, daktari anafunika fizi, anapaka asidi ya kipimo maalum iliyochanganywa na unga laini na kusugua polepole, inatoka tabaka jembamba mno la nje, sehemu ndogo tu ya milimita, na kahawia inaondoka na lile tabaka. Najua utaniuliza, Anti si umetoka kunikataza asidi? Tofauti ni kwamba yeye anajua anatoa kiasi gani, anasimama wapi, na fizi na macho yako yamefunikwa, na hafanyi hivyo kila asubuhi jikoni. Kwa madoa ya wastani hiyo ndo ninayoipenda kuliko zote maana haikati jino na haiharibu mipango mingine ya baadae.

Baadae ndo unakuja ung'arishaji wenyewe, na ule wa polepole wa nyumbani una heshima yake. Daktari anachukua vipimo vya meno yako, anatengeneza trei nyembamba za plastiki zinazokaa vizuri kwenye meno, anakupa jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, unavaa usiku. Njia hii iliandikwa na madaktari wawili Wamarekani, Haywood na Heymann, mwaka 1989 na mpaka leo ndo inaaminika zaidi. Ile asilimia 10 ni sawa na hydrogen peroksaidi kama 3 na nusu tu kwahiyo ni mpole, ganzi likizidi unapumzika siku moja mbili. Kwa meno ya njano wiki mbili tatu zinatosha, kwa meno kama yako ni zaidi ya hapo, usimkimbie daktari akikwambia miezi. Kama una mimba au unanyonyesha mwambie, wengi huwa wanasubiri kwanza.

Kama enameli imeshakuwa na mashimo mashimo, hapo kung'arisha peke yake hakutoshi, anajaza kwa ile dawa nyeupe ya kuzibia meno kwa rangi ya jino lako. Ila kumbuka mpangilio, dawa ya kuziba haibadiliki rangi ukipaka peroksaidi, kwahiyo unang'arisha kwanza, mnasubiri kama wiki mbili ili dawa ya kuziba ishike vizuri, ndo anajaza kwa rangi mpya. Ukianza kinyume utaishia na jino la rangi mbili.

Na hilo la kuchonga na kuvaa kava. Mwanangu una miaka 25 na meno ya kahawia yaliyo hai na imara. Kava zina kazi yake kwa jino lililovunjika au lililoharibika sana, na vinia, yale maganda membamba yanayobandikwa mbele ya jino, zinafaa kwa mwenye doa lililogoma kila kitu, ila jino likishachongwa halirudi, na kava linachakaa linabadilishwa, na kila likibadilishwa ni gharama na jino la ndani linazidi kupungua. Unachokiona kwa msanii ni siku ya kwanza, hakuna anayekuonyesha mwaka wa kumi. Iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha yako.

Sikuahidi meupe pee. Wengi wa kwenu wakifanyiwa vizuri wanatoka na meno ya rangi iliyotulia, ya krimu hivi, ambayo mtu hakuangalii mara mbili, na kwa kweli meno ya binadamu wengi yako hivyo.

Nimefika kwenye lile ambalo hukuniuliza. Mtoto.

Umesema meno yake ni meupe na mama anaona amechukua ya baba. Mwanangu hayo ni meno ya maziwa, mara nyingi hayaonyeshi sana hili tatizo hata mtoto akinywa maji yaleyale, kwahiyo yasikudanganye. Meno ya ukubwani ya mbele, yale yatakayoonekana akicheka akiwa na miaka saba nane, yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi yake. Watafiti wanaona kwa yale mawili makubwa ya juu kipindi kibaya zaidi ni kama kuanzia mwaka na miezi mitatu mpaka miaka miwili na nusu, na wako ana mwaka na miezi minane, yuko katikati kabisa. Yanayofuata yanaendelea kujengwa mpaka karibu miaka minane. Wewe unatafuta laki za kufuta kitu ambacho kwake bado hakijaandikwa.

Cha kufanya sio kigumu sana. Maji ya kunywa na ya kupikia ya mtoto, hayo tu, sio ya kuogea wala kufulia, yatoke kwingine. Maji ya mvua ya bati yana floraidi kidogo mno, wakati wa masika mama akinge na kuhifadhi kwenye pipa lenye mfuniko, yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Ila sikiliza hapa, kuchemsha maji ya mtoni hakuondoi floraidi hata chembe, maji yanapungua kwa mvuke na madini yanabaki palepale, kwahiyo yanazidi kuwa makali. Mama wengi wanachemsha kwa upendo kabisa wakidhani wamemaliza. Pale Ngurdoto, hapohapo Arumeru, kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa kitaalamu, huo unashika floraidi, na wana vichujio vya nyumbani. Kichujio kikishachoka kinaacha kushika hata kama maji yanaonekana safi, kwahiyo waulizwe kila baada ya muda gani ule mkaa unabadilishwa.

Jingine ni magadi. Yale ya mawe ya kulainishia makande na maharage nayo yana floraidi, na mtoto wa umri huo anakula kwenye sufuria moja na bibi. Maharage yalowekwe usiku, yapikwe bila magadi, au cha mtoto kitengwe. Na dawa ya meno yake iwe kidogo sana, kama punje ya mchele kwenye mswaki, maana bado hajui kutema anameza yote.

Mpigie mama leo, tena mpigie kwa adabu, usimpigie kwa lawama maana na yeye alikulea kwa maji aliyokuwa nayo na inawezekana meno yake ni kama yako. Mwambie achukue chupa ya plastiki safi, aisuuze na maji hayohayo wanayokunywa, aijaze, aiandike yametoka wapi, ampe mtu aipeleke Ngurdoto au maabara ya maji Arusha mjini wakapime. Ile laki na themanini ya saluni ianzie hapo, kwenye nauli, kipimo na kichujio, alafu kitakachobaki ndo uende nacho kwa daktari wako wa meno. Namba ya maji ikitoka niandikie, na alichosema daktari pia, tutaona kinachofuata.